Shaba Chini ya Mayai

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kuku ndiye angeamua kama bibi yangu atabaki kwetu au atarudi kijijini. Sikuibuni imani hiyo mwenyewe. Bibi ndiye aliyenipa, tena alinipa akiwa amenikazia macho, kwa hiyo sikuona sababu ya kuitilia shaka. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule, na bado sijui kama alikuwa akiniambia ukweli, akinitania, au yote mawili kwa pamoja.

Tulikaa Elisabethville, mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi, katika mitaa ya Waafrika tuliyoiita sité. Kiwanja chetu, au lupango kama tunavyosema, kilikuwa na nyumba ya matofali ya vyumba viwili, jiko la mabati nyuma, na kichuguu kikubwa kilichopita paa la jiko kwa urefu. Vichuguu vya namna hiyo viko kila mahali kwetu. Watu hujenga kando yake tu, maana kukibomoa kimoja ni kazi ya mwaka. Baba alifanya kazi kwenye treni. Alikwenda siku tatu au nne, akarudi ananuka makaa. Mama alikuwa amelelewa misheni, na alijivunia sakafu yake ya saruji kuliko kitu kingine chochote duniani. Hatukuwahi kufuga hata njiwa. Kwa mama, kuku alikuwa kitu cha kununua sokoni asubuhi na kukila jioni.

Ndipo akaja Kambo. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Alifika kutoka Mitwaba juu ya lori la magunia, kamio kwetu, miezi michache baada ya kumzika babu, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu kuku wa madoadoa aliyefungwa kamba mguuni. Alisema amekuja kusalimia tu. Mtu wa kwao haji mikono mitupu, na kuku yule alikuwa wa chungu. Mama alikwisha kunoa kisu. Lakini kikapu kilipofunguliwa tulikuta yai.

Kambo alilishika lile yai, bado lina joto, akamtazama mama.

"Hii hapana kuua," alisema. "Hii iko natafuta nyumba."

Mama aliitazama sakafu yake. "Mama, huku ni mu sité. Kuku itachafua kila fasi."

"Itachafua inje. Mi njo nitafagia."

Basi kisu kikarudi mahali pake. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wetu aliivaa yake wiki nzima, akizunguka mti wa kuanikia nguo mpaka kamba ikaisha na yeye akabaki ameegemea mti, amekasirika. Tulimwita Mugeni. Jogoo hatukuwa naye, ila karani mmoja wa Kasai, jirani yetu, alikuwa na jogoo mwekundu asiyeheshimu ua wa mtu. Tulimwazima bila kuomba.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilimpenda Kambo kwa pupa. Nilikuwa nimepewa jina lake. Sote wawili tulikuwa Numbi, kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita majina, neno ambalo kwetu ni la watu wanaochangia jina moja. Tulilala mkeka mmoja. Alinuka tumbaku na moshi wa kuni, na alikuwa na namna ya kunisikiliza ambayo hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa nayo: aliacha alichokuwa akikifanya, akaweka mikono mapajani. Kila lori lilipopita barabarani moyo ulinishtuka, maana mtu aliyekuja kusalimia siku moja huaga.

Mugeni alipotaga mayai kumi na kuanza kuvimba na kumdonoa kila aliyemsogelea, Kambo aliniita nyuma ya jiko.

"Majina, sikia. Lupango yenye inashindwa kulea kuku, haiwezi kulea muzee. Kama Mugeni anatotoa, minabaki hapa. Kama hapana, minarudia ku Mitwaba na kamio ya kwanza."

"Na baba anajua?"

"Baba yako iko na kazi yake. Hii ni maneno ya banamuke."

Sikulala vizuri usiku ule. Kuku ambaye wiki mbili zilizopita nilikuwa namngoja kwenye sahani, sasa alikuwa amekalia maisha yangu yote.

Sijawahi kuona mtu anayefanya kazi kwa mikono yenye akili kama ile. Kambo alichimba shimo ubavuni mwa kichuguu, karibu na ardhi, akalisugua ndani kwa maji mpaka ule udongo mwekundu ukang'aa. Alimwaga majivu chini kwa ajili ya viroboto, akaweka majani makavu ya tumbaku juu ya majivu, na nyasi juu ya tumbaku. Mbele aliegemeza kipande cha bati na kukikazia jiwe. Ile kamba ya mguuni aliifungua, akaitundika jikoni, na kila asubuhi akaipiga fundo moja. Mafundo ishirini na moja, alisema, na mlango utafunguka.

Siku ya saba alinionyesha jambo ambalo mpaka leo naliona ni kubwa kuliko yote niliyoonyeshwa darasani. Jiko letu lilikuwa na giza hata mchana, ila bati moja la ukutani lilikuwa na tundu la msumari, na saa ya jua kali mwali mwembamba uliingia pale. Kambo alileta mayai moja moja ndani ya nguo, akayaweka mbele ya mwali ule, akayazungusha taratibu kwa vidole viwili. Ndani ya yai niliona mishipa myekundu, na katikati doa dogo jeusi linarukaruka.

"Ni nini?" niliuliza.

"Roho," alisema, akalirudisha kwa Mugeni kabla halijapoa.

Chini ya nyasi zile kulikuwa na kitu kingine. Kambo alikuwa amekuja nacho kimefungwa kwenye pindo la kitenge chake: kipande cha shaba chenye mikono minne, kama kiganja changu kwa ukubwa, mmojawapo wa ile misalaba iliyosubuliwa na mababu wa Katanga kabla Mzungu hajachimba shimo lake la kwanza. Babu alikuwa amekitoa kama sehemu ya mahari alipomwoa. Mama alipokiona mara ya kwanza alidhani ni msalaba wa kanisa, akafurahi sana. Alipoona kinaingizwa chini ya kuku alifanya ishara ya msalaba upesi upesi, akaingia ndani.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na mvua za kwetu hazipigi hodi. Mchana jua linachoma, saa tisa mbingu imekuwa nyeusi na radi inapasua masikio. Radi ile Kambo aliiita kwa jina la Kiluba, nkuba.

"Nkuba njo jogoo ya juu," aliniambia. "Kama anawika, anaita batoto yote yenye hawajatoka mu mayayi. Banasikia sauti, banamufwata, banakufa. Lakini nkuba anaogopaka shaba." Alinishika mkono, akaupitisha chini ya tumbo la Mugeni lenye joto, mpaka vidole vyangu vikagusa kile chuma laini. "Na shaba peke yake haitoshi. Kila mara nkuba analia, weye unakimbia, unaingiza mukono, unaigusa, unasema: niko hapa. Kama haukuigusa, ni kama haiko."

Nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilinipiga mpaka nikashindwa kufumbua macho. Nilikuta bati limesukumwa na upepo, nikalirudisha, nikaingiza mkono, nikasema maneno yangu. Mara ya pili maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji mdogo kuelekea shimo, nikayazibia njia kwa kisigino. Mugeni alinidonoa mara zote mbili. Nilirudi ndani nimelowa chapachapa, najiona askari.

Nilikuwa nasoma kwa masista, ambao sisi tuliwaita mamere. Mmoja wao, mrefu, mwenye madoa ya jua usoni, ndiye aliyetufundisha habari za mvua. Alichora wingu ubaoni, akachora mshale wa radi, akatuambia kwamba radi ni umeme kama ule wa taa za mjini, na umeme unapenda chuma na shaba kuliko kitu chochote. Wakati wa mvua tusishike jembe. Tusisimame karibu na waya.

Wenzangu walikuwa wakinakili mshale. Mimi nilikuwa naona kichuguu chetu, shimo, Mugeni, na chini ya Mugeni shaba tupu inaita moto wa mbinguni.

Ningeweza kumwambia Kambo. Lakini mtoto wa miaka tisa anamwambiaje mzee kwamba amekosea? Na kwa kweli, niseme yote, kulikuwa na kiburi pia. Nilitaka kumwokoa bila yeye kujua. Kamba ilikuwa na mafundo kumi na tisa nilipoingiza mkono, nikauvuta ule msalaba wa shaba, nikaufunga kwenye kitambaa na kuuficha nyuma ya gunia la unga. Mugeni hakunidonoa siku hiyo. Nililiona hilo kuwa dalili njema.

Kesho yake, Jumamosi, Kambo na mama walikwenda sokoni nikabaki kulinda nyumba. Saa tisa mbingu ikafunga. Nkuba alipolia mara ya kwanza nilisimama kwa mazoea, nikafika mlangoni, nikakumbuka kwamba hakuna cha kugusa. Nikarudi. Niliketi kitandani kwa mama na rozari mkononi, nikisali kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Bati lilipiga kelele muda mrefu. Nilifikiri ni la jiko.

Walirudi mvua ikiwa imebaki manyunyu. Kambo hakuingia ndani. Aliutua mzigo wake matopeni, akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu, nami nikamfuata. Bati letu lilikuwa limelala mbali, karibu na ua. Maji yalikuwa yameshuka kichuguu chote na kuingia shimoni kama yaliyoalikwa. Mugeni hayupo. Mayai yalikuwa yanaelea.

Watu husema kuku havunji yai lake. Ni kweli, hakulivunja hata moja, lakini alikuwa amekaa ndani ya maji mpaka akashindwa.

Kambo alipiga magoti. Aliingiza mkono chini, akapapasa, akapapasa tena. Halafu alinitazama. Mimi sijapigwa maishani kama nilivyopigwa na macho yale, na wala hayakuwa na hasira.

Alifungua kitenge chake cha juu, akayatoa mayai moja moja, akayafuta kwa nguo ya ndani iliyokuwa kavu, akaliweka kila moja sikioni. Sita aliyalaza chini. Manne aliyaingiza kwenye mikunjo ya nguo, juu ya ngozi ya tumbo lake, akafunga kiunoni kwa nguvu, akaingia jikoni kwa hatua fupi fupi. Mama, jambo ambalo sikulitegemea, alikuwa amekwisha kuwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, na kuweka kigoda kando yake. Kambo akaketi, mikono miwili tumboni.

Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilileta ile shaba, nikaiweka miguuni pake, nikasema yote.

"Mamere alisema shaba njo inaita nkuba. Niliogopa, Kambo. Nilitaka nkuba asikuje."

Aliitazama ile shaba.

"Pengine mamere anasema kweli," alijibu. "Mi sijue maneno ya umeme. Lakini leo nkuba alilia, na nani alienda kuangalia Mugeni?"

Alinituma nimtafute kuku. Nilimkuta kwa mke wa karani wa Kasai, ambaye alikuwa amemfunika kwa gunia karibu na moto wake. "Chukua mugeni yenu," aliniambia, "lakini kwanza akauke, asiue mayayi kwa baridi." Basi Mugeni akaketi upande mmoja wa mbabula, Kambo upande mwingine, wote wawili wakitazama makaa. Nilihesabu mafundo ya kamba. Ishirini.

Baba aliingia jioni, kofia ya kazi kichwani, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, uko nafanya nini?"

"Niko nakalia mayayi."

"Na kuku iko wapi?"

"Inakauka."

Baba alimtazama mama, mama akaangalia sufuria. Ndipo mimi nikashindwa kuvumilia. "Baba, Kambo atarudia ku Mitwaba juu ya miye! Alisema kama kuku haitotoe anarudia, na mi njo niliharibu!"

"Nani alisema anarudia?" Baba aliuliza. Aliuliza tena, safari hii polepole, akimtazama mama yake, "Mama, nani alisema?"

Kambo alikuwa anachokora makaa kwa kijiti. Nilistaajabu kuona uso wake umekuwa kama wa mtoto aliyekutwa na sukari. Halafu ghafla aliruka kwenye kigoda.

"Yoo! Iko nachoma!"

"Nini?"

"Mutoto! Iko nachoma tumbo yangu na mudomo!" Akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo asilitikise, machozi yakimtoka, na hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu alipofika kwetu.

Baba alivua kofia. Alichuchumaa na viatu vyake vya kazi, akaweka sikio kwenye tumbo la mama yake, mtu mzima mwenye masharubu, akasikiliza. Hata mimi nilisikia, au nilidhani nasikia, kitu kidogo kinalia ndani ya nguo: pii, pii.

"Mama," baba alisema, bila kuondoa kichwa, "fasi yako ni hapa."

"Ngojea kwanza. Kuku njo itasema."

"Hapana. Mi njo minasema."

Jioni ile Mugeni, mkavu na mwenye hasira, alirudishiwa mayai yake manne ndani ya kikapu, na kikapu kikawekwa juu ya ile sakafu ya saruji, kando ya kitanda cha mama, kwa amri ya mama mwenyewe. Kufikia kesho yake jioni vifaranga watatu walikuwa wametoka. La nne halikufunguka. Mmoja alikuwa na doa jeusi kichwani, na huyo Kambo alidai amemzaa yeye. Kwa miaka mingi alimwita mwanangu mbele ya wageni, akatuacha sisi tufafanue.

Alikaa kwetu mpaka tulipomzika, na kila lori la Mitwaba lilipopita sikushtuka tena.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kifaranga ndiye aliyeniokoa. Nilipokuwa mama mwenyewe, na kisha nilipofiwa na mume wangu, ndipo nilianza kumwona Kambo vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia abaki. Baba alikuwa mwana mwema, ila aliona mama yake yuko, anakula, akafikiri yamekwisha. Na mjane wa kwetu hamwombi mwanawe mahali pa kulala. Basi alilichukua lile ombi akaliweka chini ya kuku, akanipa mimi nililinde, na mimi na elimu yangu tukaliacha linyeshewe. Kama kweli alitaka kuku aamue, maji yalikuwa yamekwisha kuamua, na angeyaacha mayai yaelee. Lakini alivua kitenge chake. Nilimpenda kwa mambo mengi, ila kwa hilo namstahi mpaka leo.

Ile shaba ninayo mimi, kwa sababu ya jina. Bado nafuga kuku, na kuku wangu akiatamia naiweka chini ya nyasi. Wajukuu wangu wamesoma kuliko yule mamere, wananicheka, wananieleza habari za umeme. Nawaambia mwalimu wao anasema kweli. Kisha nkuba analia, nami najifunika kichwa, natoka kwenye mvua, nakaza bati, nazibia maji kwa kisigino. Naingiza mkono chini ya joto lile mpaka niguse, na kusema kwa sauti, aliye ndani na asikie: niko hapa.